Kamisheni ya Thika, Kompyuta ya Ruiru

Mwaka wa tisini na saba, Thika nzima ilikuwa na watu wawili waliojua hisa. Mmoja ni mimi. Wa pili alikufa mwezi wa Februari, nikabaki peke yangu katikati ya watu walionunua hisa kwa sababu shemeji alinunua, kisha wakaziweka chini ya godoro wakingoja zizae. Mimi nilinunua na kuuza kila mwezi. Zile za kampuni ya saruji tu, elfu tatu, ndizo sikuwahi kuzigusa.

Mke wangu Idah hakuwa na haja na elimu hiyo. Alitaka kiwanja. Tulikuwa tunakaa Makongeni, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, watoto wanne, na Mzee Githinji, mkulima wa Ngoliba, alikuwa anauza kipande chake cha Ngoingwa. Alimpenda Idah, akamwahidi kwamba hakitaguswa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Hisa za saruji zilitosha bei yake, ilimradi niziuze mapema, maana pesa za hisa zilichukua karibu wiki mbili kufika. Mwezi ulikuwa ndio unaanza.

Mjinga angeziuza siku hiyo hiyo. Mimi nikalinganisha.

Wakala wa Thika alikuwa Abdulkarim, mwenye ofisi nyuma ya duka la magodoro. Alikata shilingi mbili na nusu kwa kila mia. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa daftari la shule na simu ya kuzungusha, na aliizungusha kwa ncha ya kalamu. Ukimpa oda, anaiandika, analamba kidole, anafungua ukurasa, anampigia dalali wake wa Nairobi na kuanza kumuuliza habari za watoto. Bei inapanda na kushuka, wao wako kwa watoto. Nilimdharau na sikumficha.

Ruiru kulikuwa na Jared, bwana wa tai nyekundu, aliyekata moja na nusu na aliyekuwa na kompyuta. Watu walitoka hadi Juja kuja kuitazama tu. Aliandika jina langu, likatokea kwa herufi za kijani, na wale washamba waliosimama nyuma yangu wakaguna kwa heshima. Akaingiza idadi ya hisa na bei, kunionyesha oda inavyokaa. Nikamuuliza programu hiyo inaongea na nani kule Nairobi. Akasema inaongea na mashine ya kuchapa. Kweli, karatasi ikatoka, Jared akaiweka kando, akachukua zingine za asubuhi hiyo, akavaa koti, akaenda kupanga foleni kwenye simu ya kibanda nje ya posta ili amsomee dalali. Na huko kwenye soko la hisa lenyewe, bei ziliandikwa ubaoni kwa mkono.

"Hii ndiyo teknolojia, mzee," aliniambia akiwa wa sita kwenye foleni.

Nilirudi Thika nikajaza karatasi za mraba: kamisheni, nauli, dakika za simu, dakika za foleni. Idah aliuliza mara mbili kama nimeuza. Nikamweleza tofauti kati ya mbili na nusu na moja na nusu. Akaniuliza hiyo tofauti ni kubwa kushinda kiwanja? Nikamwambia mambo haya hayaelewi.

Tarehe kumi na mbili nikaamua. Nilimbana Abdulkarim mpaka akashuka hadi mbili, nikajiona bingwa. Akafungua daftari, akaniomba cheti cha hisa. Nikakitoa kwenye bahasha kwa madaha. Alikigeuza mara mbili, akakigonga kwa ukucha.

"Baba Gathoni, nani alitia hii kitu plastiki?"

Ni mimi, nani mwingine? Mashine ya leminesheni ilipofika karibu na stendi, kila mtu mwenye karatasi ya maana alipanga foleni. Nilitia plastiki cheti cha ndoa, vya ubatizo, na hiki, kisilowe, kisiliwe na mende.

"Huko Nairobi lazima waipige muhuri, waifute, ndio watoe ingine ya mnunuzi. Hii haishiki muhuri," akasema. "Utaapa kwa wakili, utangaze kwa gazeti, ungoje miezi tatu ndio wakupe ingine. Pole sana."

Nilimwambia mtu wa daftari la shule hawezi kunifundisha hisa, nikaondoka kwenda Ruiru. Kompyuta ilipokea oda yangu bila shida yoyote. Ni baada ya kuichapa ndipo Jared aliponiomba cheti. Alikitazama, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Kuhurumiwa na Jared kuliniuma kuliko hasara yenyewe.

Jioni hiyo nikachukua pasi na wembe. Plastiki ilitoka vizuri, ikatoka pamoja na sahihi ya mkurugenzi na nusu ya muhuri wa kampuni. Idah alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Alifagia vile vipande, akapika, akalala akiwa amenigeuzia mgongo. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuijua maishani.

Siku ya mwisho ya mwezi Mzee Githinji alikuja. Niliposikia sauti yake niliingia nyuma ya pazia, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Idah alimkaribisha, akammiminia chai. Mzee akauliza kama pesa ziko, maana Syombua wa duka la nafaka amekuja na pesa mkononi, lakini yeye mzee hataki kumvunjia Idah ahadi. Syombua, mwanamke ambaye hajui hisa ni nini.

"Mpe Syombua," Idah alisema. "Mume wangu bado analinganisha."