Kipimo cha Tatu

Ndege tatu, siku mbili, na usingizi hakuuonja hata lepe. Fundi cherehani alitua na miguu imevimba mpaka viatu vinagoma, na bado akamwambia wifi yake aliyempokea uwanjani, "Nipeleke hospitali moja kwa moja."

"Nyumbani ni dakika kumi tu. Ungeoga, ulale kidogo."

"Hospitali."

Nisikufiche, hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Miaka saba nyuma walirushiana maneno kwenye msiba wa mama, na fundi, ambaye mdomo wake haujui breki, akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba nyumbani kwa mke wa kaka yake hataingia mpaka afe. Sasa kaka ndiye kalazwa, figo zote zimekufa, na figo ya kumfaa ilikuwa tumboni mwa huyuhuyu mwenye kiapo. Na kiapo chenyewe kilisafiri naye bila tiketi.

Nesi akamfunga mkanda wa presha mkononi. Ilikuwa juu. Wakasubiri nusu saa, akapima tena. Imepanda zaidi.

Nesi akaongea, wifi akatafsiri. "Anasema umechoka mno, ukalale. Atapima mara ya mwisho saa tisa mchana. Ikiwa hivihivi, nafasi ya upasuaji ya kesho anapewa mgonjwa mwingine, sisi tusubiri miezi miwili." Halafu akaongeza la kwake: "Kaka yako hiyo miezi miwili hana."

Fundi akakaa kwenye benchi la korido. La kufanya alilijua vizuri sana, ila kulisema ndiyo kazi. Aliogopa kumuua kaka yake kwa kiburi, na kadiri alivyoogopa, moyo ulizidi kumwenda mbio.

Wifi hakumbembeleza. Alifungua mfuko mkubwa aliokuwa ameukumbatia tangu uwanjani, akatoa mto, shuka na soksi nzito.

"Vya nini hivyo?"

"Nilijua hutakuja kwangu. Hicho kichwa chako nakifahamu. Nikasema basi, kitanda kije."

Wifi akaweka mto mapajani, na fundi akalaza kichwa, akalia kidogo kwa aibu, kisha akalala fofofo, akikoroma korido nzima isikie. Saa nne nzima wifi hakusogea. Mguu ukafa ganzi, akauacha ufe.

Saa tisa nesi akarudi. Wifi akaweka kidole mdomoni. Mkanda ukafungwa kwenye mkono uliolegea, nesi akaitazama mashine kwa muda, akaandika, akamnong'oneza wifi.

Fundi akafumbua jicho moja. "Inasemaje?"

"Imeshuka," wifi akajibu. "Kesho mnaingia wote wawili."

Fundi akajiinua, akakaa. "Na leo nalala wapi?"

"Benchi si hili hapa."

"Acha utani. Nipeleke kwako, wifi, nikaoge. Nanuka ndege tatu."

Wifi akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Fundi akampa bega, wakaenda hivyohivyo mpaka mlangoni.