Siku Tai Aliposimama

Kabla hajapandwa na mtu hata mmoja, Tai alikuwa ameshatugombanisha. Ukiwa kwenye barabara kuu ya kwenda Brisbane unamwona toka mbali, kilima cha chuma cha rangi ya chungwa kimechomoza juu ya miti ya bustani ya michezo ya Pandanus, na sisi wa chama cha wapenda rolakosta, zile treni za burudani zinazopanda na kuporomoka kwenye reli, tulikuwa tukimjadili tangu nguzo yake ya kwanza iliposimamishwa.

Wendell Tuohy ndiye tuliyemsikiliza zaidi. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Toowoomba, amepanda rolakosta Japani, Ujerumani na Marekani, na hajawahi kukosa la kusema juu ya hata moja. Alikuwa ameshaandika kwenye ukurasa wetu kwamba mteremko wa kwanza wa Tai umelala mno. "Kile si kilima," aliandika, "ni godoro."

Despina Kallis akamrukia papo hapo. Huyu ni binti wa Kigiriki anayekaanga samaki na chipsi dukani kwa baba yake, na kwake yeye rolakosta ni kuelea tu: pale treni inapovuka kilele na mwili wako ukabaki hewani kidogo. "Babu, subiri kwanza makalio yako yaache kiti, halafu ndio uongee," alimjibu. "Kama huelei, si bora upande basi la shule?"

Watu wakacheka, wakachukua pande. Mimi pia niliandika. Niliandika kwamba siku ya kwanza nitakaa kiti cha mbele kabisa, na wala asinishindanie mtu. Vidole vilikuwa vimelowa jasho nilipokuwa nikiandika.

Tangu nimzae Ilaisa kuna kitu kilikuwa kimeniingia. Nikiosha vyombo, namwona mtoto anaanguka. Nikipanda ngazi za dukani, namwona anaanguka. Na kumbe yuko kitandani kwake, ameshika mguu wake, anacheka na dari. Mume wangu Sitiveni, Mfiji wa Lautoka, mtu mtulivu sana, alidhani ni uchovu wa kunyonyesha, nami nikamwacha adhani hivyo. Baadaye nikaanza kujiona mimi mwenyewe ndiye ninayeanguka. Kazini, kliniki ya meno, nilihamisha meza yangu isiwe karibu na dirisha nikasema jua linaniumiza macho.

Katika chama chetu kila mtu anazungumzia hofu kama mtu anavyozungumzia pilipili, anajisifu jinsi anavyoila. Hii yangu haikuwa ya kujisifia. Ilinikausha mate. Kwa hiyo nilinyamaza.

Jumamosi moja ya Agosti tukaalikwa kumpanda Tai kabla ya kufunguliwa kwa umma. Upepo wa magharibi ulikuwa unavuma, ule mkavu wa baridi unaopasua midomo. Sitiveni alinisindikiza mpaka kwenye gari akiwa amembeba mtoto.

"Nenda bwana, kachangamke," aliniambia. "Siku hizi hata kucheka unacheka kwa mkopo."

Nilitaka kumwambia nishike, usiniache niende. Nikasema, "Maziwa yako kwenye friji."

Tulipokusanyika langoni, Wendell alikuwa ameshanishikia nafasi. "Brenna! Njoo huku, mama. Mbele kabisa, mimi na wewe, kama ulivyotutangazia."

"Hujambo, Wendell. Si umpe Despina tu?"

"Despina mtoto. Atapiga kelele masikioni mwangu nishindwe kusikiliza magurudumu."

"Nakusikia, babu!" Despina alisema. Tulipoingia kwenye treni akakaa kiti cha nyuma yetu, akaweka magoti yake kwenye mgongo wa kiti cha Wendell ili amsumbue.

Msichana wa bustani, jina lake Tahlia lilikuwa kwenye beji, akapita akikandamiza kile chuma cha mapajani kinachomzuia mtu asitoke kitini, kwa kila mmoja. Alipofika kwangu nikamwomba akandamize tena. Akakandamiza. Nikamwomba mara nyingine. Wendell akanitazama.

"Unataka ukatike vipande viwili?"

"Baridi tu," nikamjibu. Sijui hilo lilijibu nini.

Treni ikaondoka, ikashika mnyororo, ikaanza kupanda. Kwa miaka yangu yote ya chama, mlio ule wa chuma ndio niliokuwa nikiupenda kuliko kitu kingine. Siku ile niliomba kila mlio uwe wa mwisho. Wendell alikuwa anatoa maoni kama kawaida yake: mnyororo ni wa taratibu mno, viti viko vizuri, rangi wamekosea. Nilifumba macho. Nilipofumba ikawa mbaya zaidi, nikafumbua. Miti ilikuwa imeshakuwa midogo. Bahari ikatokea, kisha majengo marefu ya mji wa Surfers Paradise, kisha hakukuwa na kitu tena mbele yetu isipokuwa reli inayoishia angani.

Hapo ndipo Tai aliposimama.

Alisimama ghafla, vichwa vyetu vikaenda mbele vikarudi. Mlio ukakatika. Tukabaki tumelala chali, nyuso zimeelekea juu, na ukimya ambao sijawahi kuusikia juu ya rolakosta. Halafu upepo ukaingia ndani ya ule ukimya.

"Tumekwama!" Despina akashangilia. "Siku ya kwanza kabisa, jamani! Tumekwama!" Huko nyuma wakapiga makofi. Kwa watu wa chama, kukwama juu ni bahati. Ni hadithi ya kusimulia miaka kumi.

Kipaza sauti kikasikika kutoka chini, maneno yakija na kupotea. Kipimo kimoja cha upepo kimezima, treni haiwezi kuendelea, tafadhali mtulie, mtasaidiwa.

"Mambo ya kawaida haya," Wendell akasema kwa sauti ya darasani. "Watakuja kutushusha kwa ngazi. Ujerumani nilisikia..." Akaanza kisa, akakiacha njiani.

Mnara ulikuwa unayumba. Wote tunajua kwamba minara hii hujengwa iyumbe kidogo, na kwamba usioyumba ndio wa kuogopwa. Nilikuwa nimewahi kumweleza mama mkwe jambo hilo, nikiwa nimekaa sebuleni na kikombe cha chai. Sasa nilikuwa nahisi chuma kinakwenda upande wa bahari, kinasita, kinarudi, na mwili wangu haukutaka kusikia habari za ujenzi. Nilimwona Ilaisa. Watu husema katika hatari ukimkumbuka mwanao unapata nguvu. Mimi nilipomkumbuka nilitaka kutapika.

Nikageuka nimwambie Wendell kwamba naogopa. Nilikuwa nimeamua kusema, liwalo na liwe. Nikakuta uso wake umekuwa wa rangi ya majivu, na mikono yake yote miwili imeng'ang'ania kile chuma.

"Wendell?"

"Usiongee," akasema. Halafu, "Hapana, ongea. Ongea chochote."

"Unaumwa? Ni moyo?"

"Moyo mzima. Mimi ni mtu wa kwenda, Brenna. Si mtu wa kukaa. Nikiwa nakwenda sina shida na kitu. Nikikaa juu hivi... Nyumbani kwangu ngazi ya kusafishia paa hupanda Moira."

Moira ni mke wake. Kwa miaka yote niliyomjua Wendell, hilo hakuwahi kulitaja.

Wakaanza kutushusha kutoka nyuma, maana nyuma ndiko kuliko chini. Kila kiti kilipofunguliwa tulisikia chuma kinaachia, na treni nzima ikatetemeka kidogo. Mtu na mtu mwenzake wakawa wanatoka, sauti zao zikishuka, zikipungua. Despina alipoondoka alinigusa bega. "Msilale huko mbele," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua utani. Tukabaki sisi wawili na upepo.

Tahlia akafika akiwa amejifunga mkanda wa usalama, mingine miwili ameibeba mkononi, jasho limemtoka kwenye baridi ile. Akatueleza: atatufunga mkanda mmoja mmoja, atafungua chuma, tutatoka upande wa kushoto, kuna ngazi na kishikio.

"Usifungue," Wendell akasema.

"Samahani, baba?"

"Usifungue hiki chuma. Waambie wawashe tu. Sisi tutashuka kwa reli."

"Haiwezekani, baba. Imezimwa yote."

"Basi nitangoja."

Tahlia akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayemjua Wendell. Nilipaswa kusema kitu. Nilichosema ni, "Nianze mimi." Nilitaka kutoka pale. Sikuwa na wazo lingine kichwani.

Chuma kiliponyanyuka kutoka mapajani mwangu, nilisikia sauti ikitoka kinywani mwangu ambayo sikuijua. Mguu wa kushoto ukagusa ngazi. Zile ngazi ni za wavu wa chuma, unaona kila kitu chini yake: nguzo, tena nguzo, kisha zege, na watu kama punje za mchele. Nikakaa. Nikageuka nikawa nashuka kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kushuka kitandani, tumbo limegusa vidato, macho yangu sentimita chache kutoka kwenye chuma. Nilisoma kila kutu na kila tone la rangi.

Nikiwa njiani nilisikia Wendell akilia. Hakuwa anapiga kelele, alikuwa analia kwa pumzi fupifupi, na Tahlia anamwambia, "Mguu mmoja tu, baba. Mmoja tu." Sikupanda kurudi. Sikumwita. Niliendelea kushuka.

Chini walitupa mablanketi, chai, na soseji ndani ya mkate. Wenzangu walikuwa kwenye sherehe: wanapiga picha, wanasimuliana, kila mmoja amekwama juu zaidi kuliko mwenzake. Mimi nilikaa kwenye saruji nimeegemeza mgongo ukutani. Soseji ikapoa mkononi. Wendell alikuja kushuka mwisho kabisa, baada ya muda mrefu sana, Tahlia mbele na fundi mmoja nyuma. Wenzetu wakampigia makofi. Alipita katikati yao bila kumwona mtu, suruali yake imelowa mbele, akaelekea maegesho ya magari.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye gari, mlango wazi, miguu nje.

"Uliniacha," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia hata neno."

"Sikuwa nalo, Wendell. Nimekuwa nikiogopa tangu nilipopanda. Tangu nyumbani. Tangu nimzae Ilaisa naogopa kila kitu."

Sikujua kama atanicheka au atanitukana. Akavua koti lake akajifunika mapajani.

"Na ukaandika kiti cha mbele," akasema.

"Na wewe ukaandika godoro."

Hakucheka, lakini mabega yake yalishuka kidogo.

Baada ya chakula cha mchana upepo ulitulia, wakabadilisha kile kipimo, wakampeleka Tai mtupu mara kadhaa, kisha wakatangaza kwamba wa chama wanaotaka kurudia waje. Walikimbia wote. Mimi nilibaki kwenye uzio na mikoba yao. Wendell akatokea maegesho akiwa amevaa suruali ya mazoezi, pengine aliikuta kwenye buti la gari.

"Unarudi?" nikamuuliza.

"Nikienda nyumbani sasa hivi, sitapanda tena kitu chochote. Najijua. Unakuja?"

"Siendi."

"Sawa, mama. Nishikie miwani."

Alikaa katikati, si mbele. Nilimfuata kwa macho treni ilipopanda, na pale ilipopita mahali tulipokwama nilishika uzio kwa mikono miwili. Ikavuka kilele, ikaanguka, na mayowe yakateremka nayo. Waliporudi, Despina alikuwa hoi kwa furaha, nywele zimemsimama.

"Nimeelea mara saba! Saba! Babu, haya, tupe. Godoro au si godoro?"

Kila mtu akageuka kumsikiliza Wendell. Alichukua miwani yake mkononi mwangu, akaivaa taratibu.

"Sijui," akasema. "Nilifumba macho mwanzo mpaka mwisho."

Wakadhani ni utani, wakacheka. Alipoona wanacheka, akarudia maneno yaleyale, na safari hii kicheko kikakatika. Despina akamshika mkono akampeleka kwenye benchi, akamnunulia chai yenye sukari nyingi, na ubishi wao juu ya mteremko ukaanza upya, wa sauti ya chini.

Jioni ile nilimweleza Sitiveni yote, kuanzia yale niliyoyaona nikiosha vyombo jikoni. Alisikiliza bila kunikatiza, mtoto amelala kifuani mwake. Jumatatu akanipeleka kwa daktari, ambaye hakushangaa hata kidogo. Alisema wapo akina mama wengi wanaopata hofu ya namna hii baada ya kujifungua, na akanipa mtu wa kuzungumza naye kila wiki.

Kwenye ukurasa wa chama niliandika maoni yangu juu ya Tai kama wengine. Niliandika kwamba niliogopa, na sikufurahia hata kidogo. Mmoja alinicheka. Mwingine akauliza, sasa hizo ni nyota ngapi kati ya tano? Mwanamume mmoja wa Ballarat, nisiyemjua, akaniandikia pembeni kwamba mambo hayo yalimpata yeye pia, pale binti yake alipozaliwa, yakakaa miaka miwili, kisha siku moja akagundua yamepungua.

Miaka miwili niliiona mingi. Bado nakwenda kwenye mikutano ya chama. Wanapopanda mimi nabaki chini na mikoba, na wakishuka nawauliza ilikuwaje, nao wananieleza wote kwa pamoja, wakikatizana. Siku nyingine nikiwasikiliza, nacheka nao. Siku nyingine siwezi, na hapo humwomba Despina aniendeshee gari kunirudisha nyumbani.