Moto wa Kijani

Tangu Jumapili hakuna jirani aliyemsalimia Notburga, na asikudanganye mtu, kununiwa na kijiji kizima kunauma kuliko jino. Kisa ni dawa ya mibuni. Ushirika uliacha kuileta, biashara ikawa huria, na yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wanunue ile ya bluu kwa mfanyabiashara aliyekuja kijijini kwao Litembo na gari. Sasa habari zimefika kutoka kijiji cha Mbuji: bwana yule anauza chumvi iliyotiwa rangi! Watu wakasema Notburga anakula naye.

"Twende kwa mwalimu wa kemia aipime," alisema Notburga.

"Twende," akajibu Otilia, jirani aliyepiga kelele kuliko wote. "Lisemwalo lipo! Ila dawa naibeba mimi, wewe sikuamini." Akachota kidogo katika pakiti yake, akaifunga kwenye nailoni.

Shuleni Mwalimu Joakim aliwaamkia, akawasha taa ya spiriti. "Dawa ya kweli ina shaba, mama zangu, na shaba moto wake ni kijani. Chumvi moto wake ni njano." Akachovya waya kwenye dawa, akauingiza motoni.

Njano. Njano tupu!

"Si nilisema!" Otilia akapiga makofi. Notburga aliona buni za watu zikiozea mitini, na jina lake likioza nazo.

Mwalimu akainusa ile nailoni. "Hii ilifungiwa nini?"

Otilia akababaika. "Samaki, mbasa wa chumvi wa kutoka ziwani. Lakini niliikung'uta!"

"Mama, chembe tu ya chumvi inafunika rangi nyingine zote. Kesho leteni pakiti ambayo haijafunguliwa."

Usiku ule Notburga hakulala. Asubuhi mwalimu alisafisha waya kwa asidi, akaifungua pakiti mwenyewe, akachovya. Notburga akafumba macho.

"Mama weee!" Ilikuwa sauti ya Otilia.

Akafumbua. Moto ulikuwa kijani kibichi, kama jani la mgomba.

"Shaba imo," alisema mwalimu. "Kapulizieni."

Notburga alikuwa amepanga maneno ya kumtolea Otilia, makali kweli. Yote yakamtoka kichwani. Akacheka huku machozi yakimchuruzika. Ah, kifua kilikuwa chepesi!

Njiani Otilia alitangulia, akisimama kila mlango. "Dawa ni ya kweli jamani! Notburga hakutudanganya, nailoni yangu ndiyo iliyoharibu!"

Notburga alimfuata nyuma polepole, makusudi, Otilia asije akaruka nyumba hata moja.