Awamu Moja kati ya Nne

...kwa hiyo miezi mitatu imekwisha, Oktoba, Novemba, Disemba, na awamu iliyolipwa ni moja tu kati ya nne, ya miezi hiyohiyo, basi upande wa mali hapatakiwi kubaki hata faranga moja ya bima, na bado pale umekaa mwaka mzima, laki sita, kwa mwandiko wake mwenyewe Moindjié, mhasibu mzima, aliyepokea mkataba wa bima ya ghala la karafuu la Mutsamudu na siku hiyohiyo akaiandika yote kuwa imeshalipwa, kana kwamba kuahidi ndiko kulipa... "Unanisikia, Moindjié?" alisema mzee Maoulida, mjomba wa mkewe, aliyekaa upande wa pili wa meza na bushuti la sherehe asubuhi ya kazi, naye akajibu, "Nakusikia, mjomba," na kweli alimsikia, nusunusu, mzee alikuwa kwenye habari za Rachadi anayemtaka Hayati, mke wa Moindjié, amerudi kutoka Marseille, dhahabu anayo, ng'ombe wameshanunuliwa, na Hayati ni binti wa kwanza, nyumba ya mama yake haiwezi kukosa ndoa kubwa, ile ya pili ya dhahabu na ng'ombe na kulisha mji, ambayo Moindjié hajaifanya tangu aoe, "hatukufukuzi, mwanangu, tunaomba tarehe tu, au umpe ruhusa yake"... ruhusa, ndiyo talaka hiyo kwa lugha ya wakwe, halafu yeye na sanduku lake watoke mtaa wa Badjanani, maana nyumba ni ya mke, na Moindjié aliona, bila kuumia bado, kwamba pindo la bushuti la mzee limefumuka. Gari la Walinzi wa Rais likapita nje kuelekea bandarini, mamluki wao wa kizungu amekaa mbele, na mzee akanyamaza mpaka lilipopita, kama kila mtu Moroni anavyonyamaza, na mkataba nao ulikuwa na ukurasa wake wa hayo, tunalipa moto, tunalipa wizi, hatulipi vita, maasi wala kupinduliwa kwa serikali, yaani kile tulicho nacho kwa wingi ndicho wasicholipa, tajiri wake, mwenye ghala, alicheka hadi akakohoa, akasaini... Walioana mwaka sabini na sita, enzi serikali ya vijana ilipopiga marufuku ndoa kubwa, Fatiha, mkeka, sinia moja ya wali, na Hayati akicheka kwamba yeye ndiye bibi harusi wa bei rahisi kuliko wote Badjanani, alivyocheka ameziba mdomo kwa ukaya, halafu Mei ya sabini na nane wazungu haohao wakatua usiku, serikali ikaanguka na marufuku yake ikaanguka nayo, ngoma za ndoa kubwa zikarudi uwanjani, na yeye aliyelala mume wa mtu akaamka mdaiwa. Wengine walipoteza ndugu, yeye alipata deni, hakuwa na la kulalamikia... "na wewe bila ndoa kubwa bado unaitwa mtoto wa mji," mzee alikuwa akisema, kwa upole hasa, "mvi hizo, na barazani unakaa nyuma na vijana"... na kweli, hukaa nyuma, na kila mwenzake alipofunga ndoa kubwa yeye alitoa, mchele, mbuzi, noti ndani ya bahasha, akijua siku yake vitarudi vyote, akavibeba kichwani kama mali, mwakani Hayati, mwakani inshallah, vitu viko tayari, ila wenyewe wa kurudisha wengine wamekufa, wengine wako Ufaransa hawaandiki, na yeye mwenyewe cha kwake hasa alichoweka hakifiki awamu moja, alimwandikia mkewe naye laki sita za ahadi, masikini. Akachukua rula, akaifuta bima upande wa mali kwa mstari mmoja, akaanza kuandika upande wa gharama zile za miezi iliyopita, na hapo mkono ukasita, kwa sababu watu hudhani bima iliyokwisha muda imepotea, ghala halikuungua basi fedha zimeliwa bure, hata tajiri hudhani hivyo, lakini hesabu haisemi hivyo, hesabu inasema miezi mitatu karafuu zililala salama na mwenyewe akalala, hicho ndicho kilichonunuliwa na kimeshapokelewa, kila mwezi wake... na Hayati akimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi ile homa ya masika, Hayati akimgombeza kwa viatu mlangoni, Hayati akimwachia ukoko wa wali kwa sababu anaupenda, miaka kumi na moja, haikuwa rubuni ya kutanguliza harusi yoyote, ilikuwa ndiyo ndoa, imepokelewa, na yeye kutwa kuiweka kando akingojea ianze. Iliuma sasa, iliuma kweli, alimpenda yule mwanamke na alikuwa hajawahi kumwambia, alikuwa akilihifadhi neno hilo kwa siku ya ngoma. "Basi mwakani?" aliuliza mzee Maoulida, kama anavyouliza kila mwaka, akimfungulia mlango wa kutokea, naye Moindjié bado ameshika kalamu, wino haujakauka, na inshallah ikamjia ulimini kama kawaida yake akaimeza, akajua kwamba akifungua kinywa atasema hapana, hapatakuwa na ndoa kubwa, si mwakani wala mwaka wowote, na kwamba jioni Hayati ataisikia kwake yeye kabla ya kuisikia kwa mjomba, hiyo na lile neno jingine, kisha atachagua mwenyewe, na kwamba huenda akamchagua Rachadi.