Firigisi kwa Divai Nyekundu

Mimi najua kupika kwa lugha tatu: Kibukusu, Kiswahili na ile ya hoteli kubwa. Hiyo ya hoteli nilijifunza Jumamosi moja mwaka wa 2006, na kufikia Jumapili, nikiwa kanisani, nusu ilikuwa imenitoka.

Mwalimu wangu alikuwa mjukuu, Jentrix, aliyekuwa akiosha vyombo katika hoteli moja Kitale. Alikuja kwetu Bungoma kujiandaa. Jumatatu bosi wake, Gathogo, angekaa mezani kama mteja na kumuuliza juu ya kila chakula. Akijibu vizuri, anatoka kwenye sinki, anakuwa weita. Akishindwa, anarudi kwa masufuria.

Tukaketi jikoni.

"Kublanchi?" namuuliza.

"Kutumbukiza mboga kwa maji moto kidogo, halafu kwa maji baridi."

"Divai kavu?"

"Isiyo na utamu, Kukhu." Akaninong'oneza mimi nyanyake kwamba aliionja kwenye mabaki ya glasi, na nisimwambie mamake.

Tulikwama kwa firigisi iliyopikwa polepole kwa divai nyekundu. Mapishi aliyajua. Lakini Gathogo lazima angeuliza: inakaa vipi mdomoni? Na kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mwanamke haigusi.

"Si babako akuambie," nikasema.

Mwanangu Wanjala alikuwa mlangoni na chai yake. "Ni tamu," akasema. Akafikiri. "Ni tamu sana."

"Baba, bana! Hiyo si jibu."

Mkewe, Agneta, alikuwa akichambua mboga. Huyo hushika mila kuliko hata wazee. "Waambie hao watu wa Kitale, wanawake wa kwetu hawajui ladha yake. Mimi sijawahi hata kulamba."

Nikakohoa kidogo. "Nasikia ni laini," nikamwambia Jentrix. "Kama maini. Inayeyuka tu. Andika hivyo."

Jentrix akachukua kalamu.

"Ati maini?" Agneta akaacha mboga. "Mama, utafelisha mtoto! Firigisi inakataa meno kwanza. Pembeni inalia kru-kru, halafu katikati ndiyo inatoa utamu, polepole, hasa ukiichoma na chumvi..."

Jentrix alikuwa bado anaandika.

Wanjala akaweka kikombe chini. "Mama Jentrix. Yule kuku wa Krismasi. Si uliniambia firigisi yake ilibebwa na paka?"

"Ilibebwa," Agneta akasema, macho kwenye mboga.

"Na chumvi pia paka alibeba?"

"Mama, endelea," Jentrix akasema bila kuinua kichwa. "Nimefika hapo kwa kuchoma."