Mikono Isiyo ya Madamu

Kwa miaka sita Vidole alikanda nyuso za watu katika saluni ya wifi yake, na wachache sana walijua kwamba yupo.

Kazi hiyo hakuisomea. Mama yake alipokatwa titi, mkono ulivimba ukawa mzito kama gogo, na mtaalamu wa viungo wa hospitali akamwita Vidole pembeni. Akamweleza kwamba chini ya ngozi hupita maji ya limfu, nayo hayana moyo wa kuyasukuma kama damu. Yanategemea pumzi, mwendo na mkono mwepesi.

"Usikande kama unakanda unga," alimwambia. "Vuta ngozi tu, kana kwamba unampapasa mtoto aliyelala. Anzia shingoni ufungue njia, ndipo uende kwingine."

Mkono wa mama ukapungua. Vidole akajaribu usoni mwake mwenyewe. Makovu ya chunusi yalibaki palepale, lakini uvimbe wa asubuhi uliisha na ngozi ikatulia.

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Madamu, alinusa biashara hapohapo. Akamchukua kazini, akamweka chumba cha nyuma.

"Usinielewe vibaya, wifi yangu," alimwambia. "Watu wakiona hayo mashavu yako watauliza kama dawa yenyewe inafanya kazi."

Basi mteja alilazwa kitandani, akafunikwa macho kwa taulo la uvuguvugu, na Madamu akasimama kichwani akipiga soga. Hapo Vidole alitoka nyuma ya pazia pekupeku, akakanda bila kukohoa, akarudi zake. Taulo likifunuliwa, aliyesimama pale ni Madamu, anakausha mikono ambayo haikugusa kitu.

"Una mikono ya baraka," walimwambia.

"Namshukuru Mungu," alijibu bila haya.

Vidole alimeza hayo yote, kwa sababu ni ndugu. Lakini siku moja Madamu alichanganya krimu zake mwenyewe za kung'arisha, akampaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kabla saa haijapita uso wa mwalimu ulikuwa umeungua na kutoka malengelenge. Madamu hakubabaika. Alivuta pazia, akamshika Vidole mkono na kumtoa mbele ya wateja saba.

"Huyu hapa! Nilimpa kazi kwa huruma, kumbe anachanganya krimu kwa mikono michafu. Vua aproni, utoke!"

Nyumbani mumewe alijikuna kichwa. "Ni dada yangu, mke wangu. Tuyamalize kifamilia."

"Mbona yeye hakunitukana kifamilia?"

Kwa wiki tatu Vidole hakuwaza kingine. Aliwaza jiwe na kioo cha saluni. Aliwaza kwenda kumzomea mlangoni. Kila wazo aliliona dogo mno. Kisha akakutana na fundi cherehani, mteja wa siku nyingi, akamweleza yote.

"Mikono ni yako? Acha utani!"

"Fumba macho."

Palepale kibarazani Vidole akamvuta ngozi ya shingo mara mbili. Fundi akaangua kicheko. "Ndiyo yenyewe! Nimemsifu yule mwanamke miaka miwili bure!"

Vidole akachukua mkono wa fundi, akauweka shingoni mwa fundi mwenyewe, akamfundisha. Haikuchukua dakika kumi.

"Sasa utarudi saluni?" Vidole alimuuliza.

"Nikafuate nini?"

Utamu ulimpanda Vidole mpaka kooni. Alikuwa ameipata silaha yake.

Fundi alikuwa na karakana yenye kioo kirefu cha kujaribia nguo. Kila Jumatano alasiri cherehani zilipumzika na wanawake wakakaa mbele ya kioo.

"Vuteni pumzi ya tumbo kwanza," Vidole aliwaambia. "Sasa chini ya sikio, shukeni taratibu hadi juu ya mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo. Mara tano. Kisha paji la uso, mkielekea masikioni. Tembeeni kila siku, maji nayo yakae tumboni sio mtungini. Na mwenye uvimbe wa moto au homa asijiguse, aende hospitali."

"Tukupe nini?" waliuliza.

"Hakuna. Kila mmoja amfundishe mteja mmoja wa Madamu."

Walicheka wakidhani ni mzaha. Vidole hakuwa anatania hata kidogo. Kila Ijumaa alipita mbele ya saluni, mwendo wa pole, akitazama viti vitupu kama mtu anayetazama harusi.

Mwezi wa tano wa darasa hilo Madamu aliingia karakanani mwenyewe. Kule saluni alikuwa amejaribu kukanda, akabonyeza kama anafinyanga udongo, watu wakatoka na alama za vidole.

"Wateja wanasema mikono yangu imebadilika," alinong'ona. "Rudi, wifi. Nitakuweka mbele kabisa."

Wanawake wakageuka kutoka kwenye kioo. Mwalimu yule aliyeungua, aliyeletwa na fundi, alikuwa mmoja wao, shavu lake bado lina doa.

"Kwanza mwambie mwalimu kilichomuunguza," alisema Vidole.

"Mbele za watu wote hawa?"

"Ulinifukuza mbele ya saba. Hapa wapo kumi na mmoja. Nimekuongezea wanne."

Madamu alitazama mlango, akatazama kioo, na humo akajiona. "Ilikuwa krimu yangu," alisema. "Nilichanganya mimi. Na kukanda sijawahi kukanda."

Mwalimu hakupaza sauti. "Asante kwa kusema. Kesho nitawaambia walimu wenzangu wote, maana nusu yao bado wanakuja kwako."

Madamu akaanza kulia. Vidole akamsogezea kigoda, katikati, mbele ya kioo. Mkono hakumpa.

"Sirudi. Ila darasa ni la kila mtu. Kaa, weka vidole vyako mwenyewe shingoni. Polepole! Unafinya nini?"

Jioni habari zilikuwa zimeshamfikia mumewe. Alikula nusu sahani, akaiweka kando.

"Umemwaibisha dada yangu."

"Ndiyo," alisema Vidole, akimmiminia maji ya kunawa. "Na Jumatano akija tena, nitamkalisha palepale mbele."