Nyumba Iliyoligeuzia Zizi Mgongo

"Uliwasikia wezi ukanyamaza!" Godwin alifoka kutoka upande wake wa ua wa minyaa. "Ng'ombe wangu kumi na wanne wanapita mbele ya mlango wako, wewe kimya!"

"Mimi ninyamaze, mura?" Wegesa akashika kiuno. "Hapa Kemambo nani aliwahi kuniona nimenyamaza? Hata kanisani wananiombea nipunguze mdomo! Nilipiga yowe mpaka koo likachanika."

"Nani alikusikia?"

Hapo ndipo aliposhikwa. Alfajiri ya juzi mvua ya mawe ilitwanga mabati ya kijiji kizima, watu wakawa viziwi ndani ya nyumba zao. Paa la nyasi lilikuwa limebaki moja tu, lake, na juu ya nyasi mvua haina makelele. Mlango wake unatazama mazizi, la kwake na la jirani, kama wazee walivyojenga: ukilala unasikia ng'ombe akicheua, ukiamka upepo unakwambia mvua inatokea upande gani. Alisikia kwato, akatoka na kanga moja, akapiga yowe. Hakuja mtu.

Na kwa watu wa huku, anayesikia wezi asipige yowe ni mwenzao. Hagombezwi, hafukuzwi. Anaachwa tu. Hakuna anayekuja kuomba moto kwake, hakuna anayekalia kigoda chake. Kwa Wegesa, ambaye nyumba yake haikuwahi kukosa watu watano wa kumsengenya wa sita, huko kulikuwa kuzikwa huku masikio yanasikia.

"Na nyumba yako inatazama wapi?" akamrudia Godwin. "Umetoa ramani kwenye simu, baraza ukalipeleka barabarani, ng'ombe ukawaachia ukuta na kadirisha ka choo. Mama yako alikuomba mlango mmoja tu wa nyuma!"

"Mama usimwingize. Yeye mwenyewe hakusikia kitu. Muulize."

Efrazia, mama yake, alikuwa nyuma ya mwanawe. Yeye na Wegesa waliolewa mwaka mmoja, wakazaa wakipokezana, wakapitishiana chumvi kwenye upenyo wa ua ule miaka arobaini.

"Sikusikia," alisema, macho chini.

Waliokuwa wamesimama njiani wakatawanyika bila kuaga.

Wegesa akaingia jikoni. Alisonga ugali wa muhogo na mtama, mkubwa kama wa siku zote, kwa sababu mikono yake haikujua kusonga mdogo. Akaepua mlenda. Akangoja. Nchagwa, mjukuu wa shemeji yake, akamwamkia kutoka barabarani, "Shikamoo bibi, nina haraka," na haraka yenyewe haikuonekana miguuni. Beatrice, ambaye hakuna siku aliyokosa kuja kuchota umbea, akapita na ndoo kwenda kisimani, shingo imekakamaa kama amefungiwa ubao. Ugali ukaanza kushika ganda.

Jua lilipopinda, Efrazia akapita kwenye upenyo, peke yake.

"Nilikuona," alisema.

Wegesa akaendelea kufunika mlenda.

"Godwin akienda zamu mgodini ananifungia grili kwa nje, kwa kufuli. Anasema ni usalama wangu. Nilipanda juu ya ndoo kule chooni, nikakuona umesimama kwenye mvua ya mawe, unapigapiga mdomo kwa kiganja, unapiga yowe. Nikagonga kioo, nikagonga. Hukugeuka."

"Na leo mbele ya watu ukasema nini?"

"Ningesemaje, mwenzangu? Kwamba mwanangu ananifungia kama kuku?"

"Kwa hiyo ni heri mimi niwe mwizi."

Efrazia akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nimeshamwambia. Ameniambia nisirudie kwa mtu, watu watasema kufuli lake ndilo lililowapa wezi ng'ombe."

Wegesa alitaka kutukana. Matusi yalikuwepo, mengi, ya Kikurya na ya Kiswahili, lakini akayaacha. Akamwacha mwenzake asimame juani, na hakumwonea huruma. Kisha akatazama njia ya kisimani, akasogeza kigoda mpaka kizingitini, mahali mtu akikaa anaonekana tangu barabarani.

"Ingia tule," alisema. "Lakini ukae hapa mlangoni, Beatrice akirudi na maji akuone unakula kwangu. Haya, nawa."